Bosi Wako Si Farao

*Alfajiri unaomba, Jumatano unafunga, kwaya hukosi. Halafu jioni moja bosi anakuita ofisini kwake na kukwambia usaini kitu. Utamjibu nini? Na je, una lolote la kumfanya akusikilize?*

Ilikuwa Ijumaa mwaka 2012, saa kumi na moja na nusu jioni, watu wameshaanza kuzima kompyuta. Simu ya mezani ikalia. Bosi. "Njoo mara moja." Nikaenda na daftari na kalamu kama kawaida. Mbele yake kulikuwa na karatasi za mahudhurio ya mafunzo tuliyoyafanya mkoani wiki iliyotangulia. Bajeti ilikuwa ya washiriki 40. Waliotokea walikuwa 26. Akanisogezea zile karatasi na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza chai: "Malizia hapo. Kumi na wanne tu. Wafadhili wanataka ripoti Jumatatu."

Kwa ambao hamjawahi kufanya kazi za miradi, nieleze kidogo. Posho ilikuwa shilingi 30,000 kwa mtu kwa siku, na mafunzo yalikuwa ya siku 3. Washiriki hewa 14 maana yake ni shilingi 1,260,000, na saini zote 14 zingekuwa za mkono wangu. Hesabu hiyo niliipiga kichwani hapo hapo, na nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza kodi. Mwenye nyumba wetu alikuwa anadai ya miezi 6, shilingi 900,000, na alishamtuma mwanawe mara mbili kuja kuuliza, "Baba anasema mmefikia wapi?"

Nikavuta pumzi, nikajibu kwa sauti ambayo nadhani hata mlinzi wa getini aliisikia: "Bosi, mimi nimeokoka. Mambo hayo sishiriki!"

Hakukasirika. Alicheka. Akavua miwani, akaniangalia kuanzia juu hadi chini. "Umeokoka, na kila siku unaingia saa tatu kasoro?"

Nilitoka pale machozi yakinilengalenga, nikijihesabu miongoni mwa wanaoteswa kwa ajili ya imani. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba yule mzee, katikati ya ombi lake bovu, alisema neno moja la kweli. Na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mlokole wa ofisi

Kila ofisi ina mlokole wake, na kwetu alikuwa mimi. Kwenye kompyuta nilibandika mistari mitatu ya Biblia. Nilikuwa napiga nyimbo za Injili kuanzia asubuhi, eti kwa sauti ndogo, lakini mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anazijua zote kwa moyo na hata kanisani haendi. Mapumziko ya mchana yalikuwa saa moja. Mimi nilikuwa natoka kwenda ibada ya mchana katikati ya jiji, narudi baada ya saa moja na dakika arobaini, nimejaa upako, na faili la mtu limelala mezani likinisubiri.

Asubuhi kazi ilikuwa inaanza saa mbili. Mimi nilikuwa naanza na maombi ya alfajiri kanisani, halafu daladala, halafu foleni ya Ubungo, halafu visingizio. Bosi aliponionya kwa mdomo, nilimwita Farao. Siyo mbele yake, la hasha, bali kwa wenzangu wa kikundi cha maombi. Tukamweka kwenye orodha ya kuombewa, moyo wake ulainike. Alipoamua kunipa barua ya onyo, niliipeleka kanisani na kuitolea ushuhuda kama vita ya kiroho.

Watu walisema amina. Isipokuwa mzee wa kanisa mmoja, mama mtu mzima aliyestaafu unesi. Alinivuta pembeni baada ya ibada, akanishika mkono.

"Mwanangu, hebu niambie. Hiyo barua wamekuandikia kwa ajili ya Yesu au kwa ajili ya daladala?"

Sikumjibu. Nilimpigia shikamoo ya kuagana na wiki nzima iliyofuata nikamkwepa.

Mpenzi msomaji, usinicheke peke yangu. Wangapi tunajisomea Biblia saa za kazi tukiamini kwamba Mungu atalipia muda huo kwa mwajiri? Wangapi tunaomba ruhusa ya msiba usiokuwepo ili twende kwenye mkutano wa Injili? Nimeona watu wakichapisha vipeperushi vya semina ya ndoa, rimu mbili nzima, kwa karatasi na wino wa kampuni, na wanapakia kwenye mifuko wakiimba. Jina la kitendo hicho unalijua, na wala hakipungui ukali kwa sababu semina ilikuwa nzuri.

Walikagua mafaili yake

Wakristo tukizungumzia kazi tunapenda kumtaja Danieli, na kwa kawaida tunakimbilia kwenye tundu la simba. Mimi siku hizi nasimama kabla ya hapo. Katika sura ya 6 ya kitabu chake, wakubwa wenzake walikuwa wanamwonea wivu kwa sababu mfalme Dario alikuwa anataka kumpandisha cheo. Wakafanya kile ambacho watu wa ofisini hufanya mpaka leo: wakaanza kumchimba. Wakatafuta kosa katika kazi yake ya serikali, wakakosa. Hakuna hesabu iliyopinda, hakuna uzembe. Mwishowe wakakubaliana kwamba mtu huyu hawampati mpaka watunge sheria inayogusa ibada yake.

Fikiria leo hii maadui zako ofisini wakikaa kikao juu yako. Je, watahitaji kutunga sheria mpya? Au watafungua tu daftari la mahudhurio?

Kuna jambo jingine kwa Danieli ambalo nilikuwa nalipita kama nguzo za umeme barabarani. Lile la chakula, sura ya 1. Kijana ametekwa, amepelekwa Babeli, amebadilishiwa hata jina, na sasa anapangiwa chakula kutoka meza ya mfalme. Alishaamua moyoni kwamba hali. Lakini hakugeuza meza. Alikwenda kumwomba mkuu wa matowashi, na yule bwana akamweleza wasiwasi wake waziwazi: mfalme akiona mmekonda kuliko wenzenu, kichwa changu ndicho kitakachokatwa. Danieli akalielewa hilo. Akaenda kwa msimamizi aliye chini yake na kupendekeza jaribio: siku 10, mboga na maji, kisha mtulinganishe na wengine. Yaani alisema hapana kwa namna ambayo haikumwacha msimamizi wake na shingo kwenye kamba.

Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 2, unawaambia watumishi wawaheshimu mabwana wao, na unataja kabisa kwamba si wale wapole tu. Wakali pia. Mstari huo mabosi wanaupenda kweli kweli! Lakini Petro huyo huyo, katika Matendo ya Mitume sura ya 5, alisimama mbele ya baraza na kukataa amri ya kunyamaza. Hakuwatukana, hakukimbia. Aliwaeleza kwamba utii wake una mwenyewe wa kwanza, halafu akapokea viboko. Mtu mmoja, mambo mawili, na wala hayapingani. Heshima unampa bosi kila siku. Utii unampa katika kila kilicho halali. Ukichanganya hivyo viwili, utakuwa ama kibaraka ama mkorofi. Mimi nilikuwa mkorofi mwenye Biblia.

Mama wa masijala

Turudi kwenye zile karatasi. Mimi nilipokataa, bosi hakupoteza muda. Alimwita mama aliyekuwa anashughulikia masijala na ripoti, Mwanglikana mtulivu, mwenye miaka 11 pale ofisini. Huyu mama hakuwa na mstari wowote kwenye kompyuta yake. Sikuwahi kumsikia akiomba kwa sauti. Nilikuwa namhesabu kuwa vuguvugu, Mungu anisamehe. Lakini saa mbili kasoro robo alikuwa ameshafika, ameshafungua madirisha. Faili ukiliomba unalipata kabla hujamaliza kutaja namba yake. Na bosi alipokuwa anafoka, maana alikuwa mfokaji, yeye alisubiri amalize, kisha anasema, "Sawa bosi, nimekuelewa," na kazi inafanyika.

Kilichotokea mle ndani alinisimulia mwenyewe baadaye, tukiwa kwa mama lishe. Alimwambia hivi: "Bosi, naomba unisamehe, majina ya watu ambao hawakuja siwezi kuyaandika. Lakini naweza kukaa usiku huu nikakuandalia ripoti ya watu 26 na barua ya kuwaeleza wafadhili kwa nini wengine hawakufika. Tuwaombe fedha iliyobaki tuitumie kwenye mafunzo ya mwezi wa pili. Ukiisaini kesho asubuhi, Jumatatu inafika."

Bosi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia aache karatasi aende nyumbani.

Jumamosi asubuhi akampigia simu aje kuandika ile barua.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo kwa shangwe, lakini hapana. Kwa miezi kadhaa yule mama hakupangiwa safari ya mkoani hata moja, na wanaojua ofisi za aina hiyo wanajua safari ndizo zinazosomesha watoto. Hakulalamika, ingawa aliniambia wazi kwamba alikuwa anaumia na ada ya mwanawe wa kidato cha tatu aliikopa. Kila asubuhi aliendelea kumsalimia bosi kama zamani. Mimi nilitegemea angalau amnunie kidogo.

Sasa jiulize swali lililonisumbua mimi. Tulikataa kitu kile kile, kwa mtu yule yule, jioni ile ile. Kwa nini mimi nilichekwa na yeye akasikilizwa? Mimi nilikuwa nimeshamkatalia bosi mambo mengi ya halali: muda wake, utaratibu wake, maelekezo yake. "Hapana" yangu ilikuwa imechuja kama khanga ya zamani. Ya kwake ilikuwa ya kwanza katika miaka 11.

"Amri ni ya bosi, dhambi ni yake"

Nilipofika nyumbani usiku ule, mume wangu alikuwa anaangalia mpira. Nikamsimulia yote. Akapunguza sauti ya televisheni, akakaa kimya kwanza.

"Mke wangu, wewe ni mtu mdogo pale," akasema. "Ungeandika tu. Amri ni ya bosi, dhambi ni yake."

"Na mkono ni wa nani?"

"Mkono ni wa kazi. Na huyo mwenye nyumba utamwambia nini, kwamba umeokoka?"

Tulilala tumegeuziana migongo. Sikumlaumu sana, na leo namlaumu kidogo zaidi. Alikuwa na hofu ya mwanaume anayeona familia inaelekea kutolewa vyombo nje. Kosa letu kama wanandoa ni kwamba jambo hilo tulikuwa tunalijadili kwa mara ya kwanza usiku ule, wakati moto umeshawaka. Hatukuwahi kukaa na kuulizana: siku mmoja wetu akiambiwa kazini afanye kitu kichafu, sisi kama nyumba tunasimama wapi? Wachumba mnaokwenda kwenye mafundisho ya ndoa, ulizeni hilo swali. Mnaulizana idadi ya watoto na rangi za sare za harusi, na hili ni zito zaidi.

Na tukaja kugundua kwamba imani ya mtu kazini inategemea sana kilichopo kwenye akiba. Tangu mwaka uliofuata tulianza kuweka pembeni kila mwisho wa mwezi, kidogo kidogo, mpaka tukafikisha matumizi ya miezi mitatu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeipa jina hiyo fedha: "ya kusemea hapana". Haigusiki kwa harusi wala kwa simu mpya. Imeshatumika mara moja, na aliyeihitaji hakuwa mimi, alikuwa yeye.

Sheria inasemaje?

Hapa mume wangu alikuwa amekosea waziwazi, na wengi hukosea hapo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetumia nyaraka za uongo kumdanganya mwajiri au mwenye fedha. Saini ni yako, kesi ni yako. Siku wakaguzi wakija, bosi hatakumbuka kama aliwahi kukwambia kitu kwa sauti ya chini.

Upande wa pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi mtu yatima. Inasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kuwa amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumtaka alifanye. Inakataza pia ubaguzi kazini kwa misingi ya dini. Ukiona umeachishwa isivyo halali, unapeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku 30 ndugu yangu, siyo baada ya mfungo wa siku 40.

Lakini soma na ile Kanuni ya Utendaji Bora ya mwaka 2007. Katika makosa mazito yanayoweza kumfukuzisha mtu hata kwa mara ya kwanza, imetajwa kutokuwa mwaminifu kwa kiwango kikubwa, na imetajwa pia kukaidi amri kwa kiwango kikubwa. Yamo kwenye orodha moja. Ndiyo maana namna ya kukataa ina uzito. Sema kwa utulivu unachokataa na unachoweza kufanya badala yake, kisha siku hiyo hiyo andika baruapepe fupi ya heshima: "Kama tulivyozungumza jioni, nitaandaa ripoti ya washiriki 26." Mstari mmoja huo umewaokoa wengi.

Pasipo na nyeusi wala nyeupe

Rafiki yangu wa mauzo huniuliza: nikimpeleka mteja chakula cha jioni, naye anaagiza bia, na kampuni inanitaka nilipe bili, je, nimeshiriki? Mimi humkumbusha habari za Naamani. Yule jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa ukoma na kuamua kumwabudu Mungu wa Israeli, alimweleza nabii Elisha tatizo lake la kazini. Bwana wake mfalme huenda kuabudu katika nyumba ya Rimoni akiegemea mkono wake, na mfalme akiinama, yeye naye inambidi ainame. Elisha hakumpa hotuba. Alimwambia aende kwa amani. Imo katika Wafalme wa Pili, sura ya 5, na nashangaa haihubiriwi sana. Lipa bili, kunywa soda yako, mrudishe mteja salama.

Msabato naye ana mtihani wake, hasa kwenye maduka na benki zinazofunguliwa Jumamosi. Sheria inampa kila mfanyakazi mapumziko ya wiki ya angalau saa 24, lakini haitaji kwamba lazima iwe Jumamosi au Jumapili. Kijana mmoja ninayemfahamu alilisema suala hilo kwenye usaili, kabla hajapewa kazi: "Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama sipatikani. Jumapili na sikukuu zote za Krismasi nipangieni mimi." Walimchukua. Wenzake Wakristo wa Jumapili wanamgombania kwenye zamu. Angesubiri Jumamosi ya kwanza azime simu, leo angekuwa na ushuhuda wa kuteswa.

Kuna mahali pamoja tu ambapo sitaki uwe mpole. Bosi akitaka mwili wako ili akupe mkataba, cheo au safari, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai, na TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Usimtafutie njia mbadala. Usimwombe radhi. Yusufu alipobanwa na mke wa Potifa alijaribu kwanza kumweleza kwamba bwana wake amemwamini, na mwanamke alipomshika, akaacha vazi akakimbia. Alikwenda jela kwa uongo, ndiyo, na Biblia haifichi hilo. Lakini hakuna mahali inaposema alipaswa kubaki ili kuonyesha heshima kwa mamlaka. Dada zangu, na kaka zangu pia maana siku hizi nanyi mnasumbuliwa, anayewaambia mvumilie kwa kuwa "ni mkubwa wako" anawapotosha, hata akiwa na kola ya uchungaji.

Na yale makundi ya WhatsApp ambayo bosi hayumo, tuseme nini? Mtu anayetoka kumwombea kiongozi wake Jumapili, Jumatatu ndiye anayetengeneza stika ya sura ya bosi. Daudi alipokata upindo wa vazi la Sauli pangoni, moyo wake ulimchoma, na Sauli alikuwa anamtafuta amwue. Wa kwako amekunyima likizo tu.

Na ukiamua kuondoka

Ipo siku unachoamini na anachotaka mwajiri haviwezi kukaa meza moja, na hakuna aliyekosa adabu. Mfano mzuri uko hapa hapa Dar es Salaam. Julius Nyerere, Mkatoliki wa kweli kweli, alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, iliyokuwa chini ya mapadre. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, yeye akiwa kiongozi wake. Mwaka 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi, serikali ya kikoloni haikufurahi, na wakuu wa shule wakawa hawana namna: achague ualimu au siasa.

Angeweza kuendelea kushika chaki mchana na kufanya siasa kwa kujificha usiku. Angeweza kuwatangaza wale mapadre kuwa vibaraka. Aliandika barua ya kuacha kazi, akarudi kwao Butiama, na kwa muda akapata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll. Kanisa lake hakuliacha mpaka anafariki mwaka 1999. Na jina la kazi aliyoiacha ndilo tulilomwitia maisha yake yote.

Sisemi kila mtu akurupuke kuandika barua. Wengine wamewekwa pale pale. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mbovu kuliko bosi yeyote wa Posta au Masaki, na akiwa kwenye kazi hiyo hiyo aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha. Angejiuzulu kwa hasira, nani angewapelekea mkate?

Wazee wetu wana msemo, mtumikie kafiri upate mradi wako, na nimesikia Wakristo wakiunukuu kana kwamba umo kwenye Mithali. Haumo. Unasema uiname, uchukue chako, mdomo ufunge. Danieli hakumtumikia Nebukadreza kwa mtindo huo. Alimtumikia vizuri, na mwisho wa yote alimwambia ukweli usoni, akianza kwa kumtakia heri.

Na wewe uliye bosi, najua unasoma na unatikisa kichwa kwa furaha. Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, ukishamaliza na watumishi unawageukia mabwana na kuwaambia waache vitisho. Usilazimishe wafanyakazi wako, Waislamu kwa Wakristo, kusimama kwenye duara la maombi kila Jumatatu kisha mishahara ichelewe mpaka tarehe 12.

Saa kumi na moja

Mwisho wa mwaka ule mkataba wangu haukuongezwa. Nilijiandaa kusema ni kwa sababu ya zile saini 14. Bosi alinionyesha faili langu: barua mbili za onyo na karatasi ya mahudhurio ya miezi 12, imepigwa kalamu nyekundu kila mahali. Kama kulikuwa na sababu nyingine nyuma yake, sikuwa na pa kuishikia. Mama wa masijala alibaki, na mwaka uliofuata safari zikarudi.

Nilipata kazi sehemu nyingine baada ya miezi mitano ya kuishi kwa ndugu, maana nyumba tulitolewa. Siku ya kwanza nilifika saa moja na nusu, mlinzi akaniambia nisubiri nje, hawajafungua.

Mwaka juzi nilikutana na yule bosi kwenye sherehe ya kumuaga binti mmoja, ukumbini, kwenye foleni ya chakula. Amezeeka, anatembelea mkongojo. Nikampisha mbele.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Aah, mlokole!" Akacheka kile kicheko chake. "Siku hizi unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, bosi."

Akatikisa kichwa, akachukua sahani. Habari za wale watu kumi na wanne hakuzigusa, nami sikuzigusa. Nikamshikia mkongojo ili apakue pilau.